Kinanda Kilichovuka Petite Barrière

Vijana wangu, mkinipita pale Majengo mnaniamkia, "Shikamoo, mzee wa makochi," nami naitikia marahaba kwa moyo mweupe, maana ni kweli. Makochi nimeshona. Viti vya mabasi nimeshona. Kuna bwana harusi mmoja wa mji huu nilimshonea kiti cha enzi chenye sponji tele, akakaa, kikamzamisha mpaka magoti yakagusa kidevu, na picha zote za harusi zikatoka hivyo. Lakini kazi iliyonipa raha kuliko zote, ile ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu anauliza kama sasa ndiyo nimeanza wazimu, haikuwa kochi. Ilikuwa kinanda. Wala si hiki cha umeme mnachobeba kwapani kama mkoba. Nasema kinanda kikubwa cha mabomba kilichomo kanisani, kile mapadre wanachokiita orgue, kilicholetwa na wamisionari wakati babu zenu hawajaota ndevu.

Mtaniuliza: wewe Selemani, unayeswali safu ya mbele msikitini, kinanda cha kanisa umekijulia wapi? Nimekijulia kwenye ndoa. Mambo mengi ya Gisenyi yanaanzia kwenye ndoa. Dada yangu Zaituni alimpenda Anastazi, Mkatoliki, mpiga kinanda wa parokia, mtu mwembamba mwenye vidole virefu kama miguu ya korongo. Baba yetu alilifikiria siku nzima. Jioni akasema, "Bora mpiga kinanda kuliko mpiga domo," na mambo yakaisha. Zaituni alibaki na swala zake, Anastazi na misa zake, na mimi nikapata shemeji.

Huyo shemeji ndiye aliyekuja kibandani kwangu asubuhi moja, jasho linamtoka.

"Shemeji, kinanda kinahema."

"Kinahema vipi?"

"Kama mzee aliyepanda mlima Rubavu. Nikibonyeza sauti tatu kinaishiwa pumzi. Njoo ukione, wewe unajua ngozi."

Nikaenda. Nilipofika kwenye ngazi ya roshani ya kwaya nikavua viatu kwa mazoea, na tangu siku hiyo sijawahi kuingia humo na viatu. Anastazi akafungua mlango mdogo ubavuni mwa kinanda, nikachungulia.

Kwa asiyejua, niseme kwa ufupi. Kinanda kile ni filimbi nyingi zilizosimamishwa juu ya sanduku. Nyingine ndogo kama kalamu, nyingine za mbao, ndefu kumpita mtu. Chini kuna mvukuto, kama ule wa mhunzi, ila ukubwa wake ni wa kitanda cha mume na mke. Upepo unajaa kwenye mvukuto, unapanda kwenye sanduku, na mpigaji akibonyeza, kifuniko kidogo kinafunguka, filimbi inapata pumzi, inalia. Basi. Mbao, ngozi, bati na pumzi. Mimi nilipouona ule mvukuto nilijisemea: kumbe ni kochi linalopumua!

Na nikautengeneza kama kochi. Nilikuwa na kipande kizuri cha ngozi ya plastiki, ile ya viti vya minibasi, nyekundu, inang'aa. Nikakibandika penye tundu kwa gundi ya viatu. Anastazi akapiga, pumzi ikatosha, tukashikana mikono kama marais.

Jumapili ikafika. Misa ikaenda vizuri mpaka kile kimya cha baada ya komunyo, watu wameinamisha vichwa, hata watoto wametulia. Mvukuto ukawa unashuka polepole, na ile plastiki ikaanza kujikunja. Ikatoa mlio. Sitauigiza hapa mlio wenyewe, lakini mtu yeyote aliyewahi kula maharage mengi anaujua. Mrefu. Ukapanda, ukashuka, ukaishia na alama ya kuuliza. Kanisa zima likageuka kumtazama katekista aliyepiga magoti pale nyuma chini ya roshani. Maskini akainua mikono miwili: "Si mimi! Mana yanjye, Mungu wangu, si mimi!"

Ndipo Anastazi akaamua kumwita fundi hasa.

Fundi mwenyewe alitoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Papa Kasereka, seremala, pande la mtu, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. Kazi ya vinanda alifundishwa na bruda mmoja mzee wa kimisionari. Akapanda roshani, akachungulia, akaiona plastiki yangu nyekundu. Kicheko kikaanza safari. Kilipofika, roshani ilitikisika.

"Ni nani alivalisha orgue imperméable, koti ya mvua? Inanyesha humu ndani?"

Nikasema, "Ni mimi, Papa."

"Bon. Weye njo utaniletea ngozi ya mbuzi. Mbuzi muke, kijana, hajazaa. Na usikimbie. Leo tunaanza."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu nikiwa tayari na mke, kibanda na jina mjini. Kwa miaka mingi Papa Kasereka alikuwa akivuka mpaka kila kinanda kilipougua, nami namsubiri na ngozi yangu. Alinifundisha kuikwangua mpaka ukiishika dirishani unaona mwanga unapita. Alinifundisha gundi ya kwato, inayochemshwa taratibu ndani ya maji ya moto na kupakwa ikiwa bado na mvuke, kwa sababu ile ya viatu inakauka na kuvunjika kama chapati ya juzi. Zaidi ya yote alinifundisha kutafuta upepo unaovuja. Mimi nilikuwa napapasa kwa kiganja.

"Mukono iko muongo," akasema. "Mukono ya fundi iko na ngozi nguvu, haisikie kitu. Sikiliza na mudomo."

Unalamba midomo, unaisogeza karibu na mshono, polepole, na upepo hata uwe mdogo kama pumzi ya panya utausikia ubaridi wake. Ni kweli tupu. Ijaribuni. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu na dirisha halifungi vizuri najikuta karibu kulibusu.

Ila midomo hiyo hiyo iliwahi kuniponza. Filimbi moja ya kati iligoma kulia, nami kwa ujuaji wangu nikaichomoa, nikaiweka mdomoni, nikapuliza. Nyigu walikuwa wamejenga humo ndani. Mama wa nyumba akatoka kuona ni nani anayempulizia. Nilipofika nyumbani mke wangu alinikaribisha kama mgeni, mdomo wa juu ulikuwa umefika puani. Papa Kasereka aliposikia akataka kiti akae ndipo acheke vizuri. "Hata filimbi iko na mwenyewe," akaniambia. "Piga hodi kwanza." Gongeni kwanza, vijana, kisha subirini. Ni ushauri wa bure, na hautumiki kwenye filimbi tu.

Siku hizi mna simu zenye mshale wa kuonyesha kama sauti imepanda au imeshuka. Nzuri sana, hata mimi nimewekewa. Lakini simu haikuambii kwamba kanisa tupu la asubuhi ni baridi, na kanisa lililojaa watu ni joto, na bati linajua tofauti. Ukizipatanisha filimbi kwenye baridi, watu wakishaingia zinaanza kugombana. Anastazi alikuwa anasubiri misa ya kwanza iishe, watu wakitoka tu, kuta bado zina joto lao, anapanda mbio: "Shemeji, upesi, kabla hawajapoa!"

Basi. Kisha ukaja mwaka wa mitetemeko.

Wengine mlikuwa wadogo, lakini mnakumbuka. Mlima Nyiragongo ulitapika moto upande wa Goma, na kwetu huku ardhi ikawa inatikisika kutwa kucha, nyumba zinapasuka kama mikate. Sisi tulikwenda kukaa kwa ndugu kule Kanzenze, kwenye mashamba ya viazi. Tuliporudi, Anastazi hakwenda kwanza nyumbani kwake. Alikwenda kanisani. Mimi nilimkuta roshani, amekaa sakafuni, ukuta umepasuka nyuma yake, na filimbi zimelala huku na huku kama mabua baada ya mvua ya mawe. Zimepinda, zimebonyea, nyingine zimekunjana. Ameipakata moja mapajani. Nikashuka sakafuni karibu naye. Tukakaa.

Tulikuwa na padri mpya wakati ule, Padri Evariste, kijana, mtu wa haki. Ukuta akautengeneza haraka. Lakini habari ya kinanda ilipofika kwenye halmashauri ya parokia, wakubwa walikuna vichwa. Fundi wa kweli wa vinanda yuko Ulaya. Kinanda kidogo cha umeme kimeshapatikana, kinapiga hata ngoma. Na wavuvi wa ziwa, ambao nyavu zao za sambaza, samaki wadogo kama dagaa, zinahitaji risasi za kuzizamisha, waliuliza kwa adabu kama zile filimbi zilizopinda haziwezi kuyeyushwa. Maana filimbi zile ni bati na risasi. Halmashauri ikaona ni jambo jema: kitu cha kanisa kitalisha watu samaki. Ubaya wa jambo hilo ulikuwa huo, kwamba halikuwa na ubaya. Ungeanzia wapi kulipinga?

Aliyeanza ni Zaituni. Alikuja kibandani akiwa amejitanda, uso umekunjamana.

"Kaka, mume wangu amekwisha."

"Anaumwa?"

"Anapiga. Anapiga meza, anapiga ubao wa kitanda, anapiga sahani. Jana nimelala akanipigia mgongoni wimbo mzima wa maingilio. Mzima, Selemani! Na ubeti wa tatu akakosea, akarudia!"

Nilicheka, naye akacheka, halafu akaanza kulia, halafu tukashindwa kujua lipi ni lipi. Akafuta macho. "Simama. Tunakwenda kwa padri."

Padri Evariste alitukaribisha vizuri, akatoa chai. Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya ufundi. Zaituni hakunipa nafasi.

"Padri, mimi si muumini wako. Lakini hicho kinanda ni mke mwenzangu. Nimeishi naye tangu siku ya ndoa. Jumamosi zote mume wangu alikuwa kwake, sikukuu zote kwake. Nimemwonea wivu, nimemzoea, sasa tunaelewana. Ukimfukuza leo, huyu mwanamume atakuwa nyumbani kwangu saa zote. Unanitakia nini?"

Padri alijizuia, akajizuia, chai ikamtoka puani. Alipopata pumzi akasema, "Mama, nani atakitengeneza?"

Nikasema, "Papa Kasereka. Miguu yake haimruhusu kuja tena, lakini mikono ipo. Tutampelekea filimbi Goma."

"Zote?"

"Wagonjwa wote, mon Père. Na wazima wachache wa kuwapimia."

Padri akafuta chai kidevuni. "Mpaka Pentekoste," akasema. "Kikiimba Pentekoste, kinabaki. Kisipoimba, nitawapa wavuvi, na hamtaninunia."

Tukakubali.

Sasa sikilizeni jinsi kinanda kinavyovuka mpaka. Kati ya Gisenyi na Goma kuna vituo viwili: Grande Barrière ni kwa magari na watu wenye mabegi ya magurudumu. Sisi tulikwenda Petite Barrière, pamoja na nyanya, mayai, kuku waliofungwa miguu na magodoro. Filimbi tulizivisha blanketi na vitenge. Aliyetutafutia wabebaji ni Mama Furaha, mwanamke mfupi mnene anayevusha vitunguu kila siku ya Mungu, ambaye hakuna askari wa pande zote mbili asiyemjua. Yeye na wenzake wakajitwika filimbi vichwani, wakasimama foleni kama kawaida, na nyuma yao mimi na kofia yangu ya kiua, na Anastazi anayetetemeka kila kitenge kinapoteleza.

Upande wetu walituuliza, tukaeleza, wakapekua, wakatupisha. Upande wa pili kulikuwa na afisa wa forodha, mwanamke mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa hesabu. Akafunua kitenge cha kwanza. Akakifunika. Akakifunua tena.

"Mzee, hii ni bunduki ya namna gani?"

"Si bunduki, mama. Ni filimbi za kanisa."

"Filimbi ya kanisa." Akaitazama kofia yangu. "Na weye njo padri?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Furaha akasema, "Huyu ni muganga yake. Orgue iko gonjwa, tunaipeleka hospitali."

"Mi siko najua hayo. Filimbi inalia. Donc, ilize nisikie."

Nikachukua iliyokuwa juu, nikaigonga kwanza kwa sababu ya nyigu, nikapuliza. Ikatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Afisa akarudi nyuma hatua nzima. Mtu mmoja foleni akasema, "Kweli, iko gonjwa sana," na kuku wakaanza kupiga kelele kana kwamba wametukanwa.

Hapo ndipo Anastazi, shemeji yangu mwenye aibu, mtu ambaye hata sokoni haulizi bei kwa kuogopa kusumbua, alifanya jambo ambalo sijaliamini mpaka leo. Alifungua kitenge cha zile filimbi chache zilizo nzima. Akampa moja Mama Furaha. Akampa moja muuza mayai. Akampa moja msichana muuza vitambaa, moja bwana wa magodoro, na ile ya mbao, ndefu, akamkabidhi mbebaji mmoja mwenye kifua cha ng'ombe. Akasimama mbele yao, akainua vidole vyake vya korongo.

"Nikikuonyesha kidole, puliza. Nikikunja, nyamaza."

Akaanza kuonyesha. Huyu. Huyu. Wewe. Huyu tena. Mwanzoni ilikuwa fujo tupu, watu wanacheka badala ya kupuliza. Kisha ghafla tukaisikia: ule wimbo wa kubembeleza watoto ambao kila mama wa Gisenyi na kila mama wa Goma anaujua, unatoka polepole, sauti moja kwa huyu, nyingine kwa yule, na mbebaji wa kifua cha ng'ombe anajaza chini, *buuu*, *buuu*, macho yamemtoka. Walioko mwisho wa foleni wakaanza kuimba. Mama mmoja akatua beseni lake la nyanya ili acheze. Mbebaji mwingine akageuka geuka na godoro kichwani.

Mkubwa wa forodha akatoka ofisini. "Ni nani alifunga mpaka?"

Hakuna aliyeufunga. Ila hakuna aliyekuwa anavuka.

Yule mama wa miwani alikuwa anapiga mguu chini ya meza, nilimwona. Akajisahihisha, akagonga muhuri. "Muende, muende! Mbele batu basahau kazi!" Nasi tulipokuwa tunakusanya filimbi akaongeza kwa sauti ndogo, "Ile ndogo ya mwisho... leta na mi nijaribu." Akajaribu. Akacheka kama msichana.

Ng'ambo tukapakia kila kitu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma isiyo na pedali. Vijana wawili wakaisukuma. Barabara ilipopata mteremko wakaruka juu, chukudu ikashika kasi, na filimbi kadhaa zilizokuwa midomo wazi zikaingiwa na upepo, zikaanza kulia zenyewe. Tulipita mtaa mzima tukilia hivyo, mimi na Anastazi tunakimbia nyuma tukishikilia kofia, na watu wametoka milangoni kutazama.

Papa Kasereka alitusikia kabla hajatuona. Kusema kweli hakutuona kabisa, macho yalikuwa yamefifia sana. Alikuwa amekaa mlangoni pa karakana, miguu imefungwa shali. Akanyoosha mikono, nikamwekea filimbi moja. Akaipapasa mdomo, akaipapasa mwili, akaiweka shavuni.

"Huyu namujua," akasema. "Huyu ni sauti ya mi bémol. Alikuwaka na kiburi tangu zamani. Nani alimupiga?"

"Mlima, Papa."

"Mulima." Machozi yakashuka, kisha kile kicheko kikaanza kutoka tumboni, kikapanda taratibu. "Leta bengine. Leta bote niwasalimie."

Tulikaa kwake siku nyingi, tunakwenda na kurudi. Yeye alikuwa vidole, mimi nikawa macho. Kazi ya kulehemu filimbi, vijana, si kama kulehemu geti. Bati lile laini linayeyuka mbele yako kama siagi juani. Kwanza unapaka chaki iliyochanganywa na gundi pande mbili za mshono, ili risasi ya kulehemia isitoroke. Kisha unapitisha chuma cha moto mara moja, bila kusitasita, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Mimi nilisitasita. Filimbi ndogo ikainama mbele ya macho yangu, ikajikunja ncha, ikawa kijiko.

Nilinyamaza. Papa Kasereka akainua kichwa. "Mbona unanyamaza?"

Nikamwekea mkononi. Akapapasa. "Muzuri," akasema. "Utakulia sombe yako ya muhogo." Kisha akanionyesha jinsi ya kukata bati jipya, kulizungusha kwenye mti na kuanza upya. Filimbi ile mpya iko pale kanisani mpaka leo, ndiyo ya kwanza niliyozaa mwenyewe, na ina sauti nyembamba kama mtoto anayedai maziwa. Sioni haya kuipenda kuliko nyingine.

Tulirudisha zote kupitia Petite Barrière, na safari hii shida ilikuwa kuvuka haraka, maana kila mtu alitaka aonyeshwe kidole apulize. Tukazipandisha roshani. Tukanyoosha vijiti vinavyovuta vifuniko, nikabadilisha ngozi yote ya mvukuto, nikatembeza midomo yangu kila mshono. Wiki ya mwisho Anastazi hakupiga meza wala mgongo wa mtu, alikuwa amelala chini ya kinanda na bisibisi. Zaituni akatuletea chakula huko huko, akakigonga kinanda ubavuni. "Haya, mke mwenzangu, usituaibishe."

Pentekoste ikafika, kanisa likafurika. Wengine walikuja kuomba, wengine walikuja kuona. Mama Furaha na wenzake wa mpakani walikuwa wameshika benchi zima. Wavuvi walikuwa nyuma, wamevaa mashati meupe. Mimi nilikaa ndani ya kinanda, kwenye ile nafasi ya fundi pembeni ya mvukuto, simu kifuani imefunguliwa, na upande wa pili wa simu Papa Kasereka amekaa Goma, anasikiliza.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, ubao wote ulitetemeka hadi kwenye meno yangu. Kwenye simu nilisikia mzee anavuta pumzi, akaacha kuitoa.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka wimbo wa mwisho. Anastazi akapiga kituo cha mwisho, akainua mikono. Sauti zote zikanyamaza, isipokuwa moja. Kifuniko kimoja kilikataa kufunga. Ilikuwa sol, ya katikati, nene, nzuri, ikaendelea kulia. *Ooooooo.* Anastazi akabonyeza, akaachia. *Ooooooo.* Nikamwona kupitia upenyo, uso umekuwa majivu, mikono yote juu kuonyesha kwamba si yeye. Padri Evariste amesimama altareni, anatazama roshani. Watu wote wametazama roshani.

Nilijua la kufanya. Unapanda, unaichomoa filimbi kwenye tundu lake, inanyamaza. Nikaanza kupanda. Simu ikapiga kelele kifuani, "Ni sol! Sol inakwama!" "Najua, Papa!" Nikaifikia, nikaishika shingo.

Na wakati ule ule, chini, sauti ya mwanamke ikaingia. Ilikuwa Mama Furaha. Aliidaka ile sol, kana kwamba ameletewa, akaanza kuimba juu yake wimbo wa kushukuru. Benchi lake likamfuata. Kwaya ikamfuata. Makofi yakaanza, impundu, vigelegele vya kwetu, zikapasuka huku na huku, na ile sauti moja inawashikilia wote kutoka chini kama sakafu.

Ndipo nikasikia kipaza sauti.

"Mzee Selemani! Usiguse!" Padri Evariste alikuwa ameinua mkono. "Nasema usiguse hapo! Iache!"

Nikaiacha. Nilikaa hapo hapo juu, miguu inaning'inia kati ya filimbi, Papa Kasereka anacheka kifuani kwangu, na kupitia upenyo nikamwona padri ameshuka altareni anacheza na kanzu zake zote, Anastazi amelaza kichwa juu ya vibonyezo anatikisika mabega, na Zaituni, ambaye hakuwahi kuingia misani tangu aolewe, amesimama mlangoni na mtandio wake, anapiga vigelegele.

Wimbo ulipotulia, padri akarudi kwenye kipaza sauti akitweta. Sol bado inalia. "Ndugu zetu wavuvi," akasema, "mtanisamehe."

Mkubwa wao akasimama kule nyuma, jitu la sauti nzito.

"Padri," akaguta, "sisi tutafunga mawe kwenye nyavu!"